Mtama wa Uluguru na Shayiri ya Misri

Mwembesongo, kata ya mjini Morogoro chini ya milima ya Uluguru, imebeba katika jina lake mti uliotoka ng'ambo. Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani yake. Ulivuka bahari, ukapokewa pwani, kisha ukaenea bara. Mahindi na muhogo vilitoka mbali zaidi, Amerika, vikaja baada ya Wareno kufika pwani hii mwaka 1498. Kwa hiyo ugali wa mahindi, unaodhaniwa leo kuwa chakula cha mababu, ni mgeni wa karne chache. Mwenyeji ni mtama.

Mtama ni mzaliwa wa Afrika. Alama zake za kale, za punje zilizokwisha kuanza kulimwa, zimepatikana mashariki ya Sudan, na umri wake umepita miaka 5,000. Katika zama hizo Wamisri walitegemea ngano na shayiri. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba huko Abydos kimegunduliwa kiwanda cha bia cha zama za mfalme Narmer, kilichokadiriwa kutoa lita 22,400 kwa mpiko mmoja. Bia ile haikuwa ya starehe tu. Vibarua walilipwa mikate na bia, na makaburini yaliandikwa maombi ya kumtakia marehemu mikate elfu na bia elfu.

Huku Uluguru, mtama ulirowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa, ukawa kimea. Kimea kikitiwa katika uji hupatikana togwa, kinywaji kitamu ambacho hata mtoto hupewa. Pombe hutaka siku zaidi za kuchachuka. Vinywaji hivi viliwakusanya majirani kwenye kazi ya shamba. Na katika tambiko, unga na pombe vilitolewa kwa ajili ya wazee wa ukoo, ukoo ambao kwa Waluguru hufuata upande wa mama.

Si lazima kudai kwamba Mluguru alifundishwa na Mmisri. Kila mmoja aliijua njaa, na kila mmoja akaona kuwa nafaka iliyomlisha aliye hai haifai kumsahau aliyetangulia.

Tofauti yao ni katika kumbukumbu. Mmisri alichora ukutani wasagaji na wapishi wake wa bia. Mwaka 1871 Stanley alipita Morogoro, akaeleza ngome na minara ya mji wa Simbamwene; lakini elimu ya kimea ilikaa mikononi mwa wanawake, ikarithiwa kwa kutazama na kutenda. Mahindi yalipochukua shamba la mtama, elimu hiyo nayo ilipungukiwa na wanafunzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja na kushibisha. Kilichobaki ni kuandika ya mwenyeji, maadamu wapo bado bibi wanaoijua siku ya kuanika kimea.