Wali wa Pwani na Ushahidi wa Ibn Battuta

Wapo wasemao kwamba ustadi wa mapishi ya pwani yetu uliletwa na mabwana wa Unguja katika karne ya 19, pamoja na mikarafuu na majumba yao ya fahari. Na kauli hiyo, ijapokuwa husemwa kwa nia njema, huwadhulumu wapishi waliotangulia kwa karne tano nzima.

Shahidi wao ni Ibn Battuta wa Tanja, fakihi na msafiri, ambaye mwaka 1331 alishuka Mogadishu akakirimiwa na sultani wa mji ule, Abu Bakr bin Sheikh Umar, na ambaye aliposimulia safari zake alieleza kwa tafsili chakula alichoandaliwa. Wali, asema, ulipikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake pakawekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilipikwa kwa maziwa. Na kando palikuwa na mtindi, ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe, hata kila mtu alapo tonge la wali hulifuatisha na kimojawapo katika hivyo. Pilipili ile bila shaka ilikuwa pilipili manga, maana hizi kali nyekundu tuzijuazo leo asili yake ni Amerika, nazo hazikufika kwetu ila baada ya Wareno.

Hapa mimi naona sanaa iliyokwisha kukomaa: mafuta ya samli yamewekewa ukali wa ndimu wa kuyakata, na ulaini wa ndizi umewekewa tangawizi. Mpangilio wa namna hiyo hautungwi kwa siku moja. Na mpunga wenyewe haukuwa mgeni, kwani huko Chwaka, Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta punje zake zilizoungua, za tangu karne ya 11.

Wali wa nazi nao una elimu yake, ambayo mama humrithisha binti kwa kumsimamisha jikoni. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui zito likawekwa kando. Mchele hupikwa kwanza kwa tui jepesi, na maji yakaribiapo kukauka ndipo hutiwa lile zito, chungu kikafunikwa, makaa yakapaliwa juu ya kifuniko, wali ukaiva kwa moto wa juu na wa chini. Saa hatazami mtu. Mpishi husikiliza mchemko unavyopungua, akanusa, akajua kwamba sasa tui limeingia katika kila punje, na kwamba akichelewa kidogo tu ukoko utashika harufu ya moto na kuiambukiza sinia nzima ya wageni.