Dakika Mbili za Mwisho za Askari George Price

Kila mwaka, tarehe 11 Novemba, saa tano kamili asubuhi, Wakanada husimama kimya kwa dakika mbili kuwakumbuka wanajeshi wao waliokufa vitani. Wengi hubandika kifuani ua jekundu la bandia, viongozi huweka mashada mnarani, tarumbeta hulia, na hotuba husifu moyo wa kujitoa mhanga. Desturi hii ni ya heshima, wala sikusudii kuibeza. Hata hivyo, liko swali ambalo ukimya huo haulijibu: ni nani hasa aliyejitoa, na ni nani aliyetolewa?

Tulitazame swali hili kupitia maisha ya askari mmoja asiye na cheo. George Lawrence Price alizaliwa Desemba 1892 katika jimbo la Nova Scotia, kwenye pwani ya Atlantiki. Ujanani alihamia Moose Jaw, Saskatchewan, nchi ya mashamba ya ngano, akawa kibarua wa shambani. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 21. Miaka mitatu ikapita bila yeye kuvaa sare. Aliingia jeshini Oktoba 1917, na historia humhesabu miongoni mwa walioandikishwa kwa nguvu ya sheria.

Sheria hiyo ina kisa chake. Mwanzoni Kanada, nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni nane, ilipigana kwa kutegemea watu wa kujitolea, na Waziri Mkuu Robert Borden aliahidi kwamba hakuna atakayelazimishwa. Kisha vita vikala watu. Katika siku nne tu za mapigano ya Vimy Ridge, Aprili 1917, Wakanada takriban 3,600 waliuawa, na waliokuwa tayari kujaza nafasi zao walikuwa wakipungua. Agosti mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuandikisha jeshini kwa lazima. Kundi la kwanza lilikuwa la wanaume wenye umri wa miaka 20 hadi 34, wasio na mke wala mtoto. Walijiandikisha zaidi ya 400,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi wakaomba kusamehewa.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kura ya kweli iliyopigwa mwaka ule, ingawa haikuhesabiwa hivyo. Kura iliyohesabiwa ni ile ya uchaguzi wa Desemba 1917, na kabla yake serikali ilikuwa imekwisha kuchagua wapigaji kura wake. Iliwapa haki ya kupiga kura wake, mama na dada wa askari, ikawanyang'anya wahamiaji wengi waliotoka nchi za adui, hata kama walikuwa raia. Borden alishinda. Jimboni Quebec, ambako wengi hawakuona sababu ya kufa kwa ajili ya dola ya Uingereza, ghasia zilizuka wakati wa Pasaka ya 1918, na raia wasiopungua wanne wakauawa kwa risasi za wanajeshi.

Price aliingizwa katika Batalioni ya 28, kikosi cha watu wa magharibi mwa Kanada. Malipo ya askari wa cheo chake yalikuwa dola moja na senti kumi kwa siku. Tangu tarehe 8 Agosti 1918 jeshi la Kanada lilikuwa mstari wa mbele katika mashambulizi yaliyowarudisha Wajerumani nyuma, na katika muda wa miezi mitatu lilipoteza watu wapatao 45,000, waliokufa na waliojeruhiwa.

Alfajiri ya tarehe 11 Novemba, muda mfupi baada ya saa kumi na moja, wajumbe walitia saini mkataba wa kusimamisha mapigano ndani ya behewa la treni katika msitu wa Compiègne, Ufaransa. Mapigano yangekoma saa tano kamili. Siku tatu kabla, Wajerumani walikuwa wameomba silaha zinyamaze wakati mazungumzo yakiendelea, na Jemadari Foch akakataa. Kati ya saini na ukimya kulikuwa na karibu saa sita. Ni kweli kwamba amri ilihitaji muda kuwafikia wanajeshi mamilioni waliotapakaa. Lakini makao makuu ya Wakanada yalipata habari takriban saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na bado vikosi vikaendelea kusonga mbele.

Kikosi cha Price kilikuwa karibu na mji wa Mons, Ubelgiji, mahali ambapo Waingereza walipigana vita vyao vikubwa vya kwanza dhidi ya Wajerumani mwaka 1914. Yeye na wenzake wachache walivuka mfereji kuingia kijiji cha Ville-sur-Haine, bunduki za rashasha zikiwalenga. Wakapekua nyumba kumtafuta adui. Price alipotoka barabarani, risasi ya mlenga shabaha ikampata kifuani. Wenzake walimvuta ndani, na msichana wa Kibelgiji akakimbilia kumhudumia, asiweze kumwokoa. Alikata roho saa tano kasoro dakika mbili. Hutajwa kuwa askari wa mwisho wa dola ya Uingereza kuuawa katika mapigano ya medani ya magharibi.

Je, nani alijibu kwa ajili ya saa zile sita? Mwaka 1927 gazeti moja dogo la Port Hope, Ontario, lilimshutumu Jenerali Arthur Currie, aliyekuwa kamanda wa Wakanada, kwamba alipoteza maisha ya watu bure ili kuuteka Mons. Currie alishtaki, akidai fidia ya dola 50,000. Kesi ilisikilizwa Cobourg mwaka 1928. Jenerali alishinda, ila baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola 500 tu. Kwa haki, Currie alikuwa chini ya amri za wakubwa wake, na kuacha kumfuata adui asubuhi ile hakukuwa uamuzi wake peke yake. Hapo ndipo penye tatizo. Kila ngazi ilikuwa na ngazi juu yake ya kuelekezea kidole; Price peke yake hakuwa na wa kumwelekezea.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo la kuongeza hapa, kwa kuwa vita hivyo vilikuwa vyetu pia. Huku kwetu habari za amani zilichelewa zaidi: Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wengi wakiwa wamekusanywa kwa lazima, walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo limebaki kuwakumbuka kwa jumla. Price ana kaburi lake kwenye makaburi ya Saint-Symphorien, karibu na Mons, na jiwe lenye jina lake. Tume ileile ya makaburi haikuwapa wengi wa wapagazi wetu hata hilo.

Kwa hiyo kumbukumbu haitoshi ikiwa inaishia kwenye maua na ukimya. Taifa linaloweza kumtafuta kijana shambani kwa sheria, likamwandika kwa namba na kumlipa kwa siku, linaweza pia kuwaeleza wazazi wake kwa nini alikuwa barabarani dakika ile. Likishindwa kueleza, lisiite kifo chake sadaka yake mwenyewe. Hakuitoa, ilichukuliwa kwake.