Kisiwa kilichoishtaki Marekani kwa sababu ya kamari

Kufikia Novemba 1998, simu 60,000 kutoka Marekani zilikuwa zimeita katika kampuni moja kwenye kisiwa cha Antigua, Bahari ya Karibi. Zaidi ya 6,100 kati ya hizo zilitoka New York. Wapigaji walikuwa na haja moja tu: kubeti. Mteja alituma dola 300 au zaidi kupitia benki, akafunguliwa akaunti, kisha akapiga simu ya bure au akaingia kwenye intaneti na kutaja timu aliyoipa ushindi.

Si wote waliopiga simu hizo walikuwa mashabiki wa michezo. Wengine walikuwa makachero wa FBI waliokaa New York, wakifungua akaunti na kuweka dau kama wateja wa kawaida, huku wakikusanya ushahidi.

Kampuni hiyo iliitwa World Sports Exchange. Rais wake, Jay Cohen, alikuwa kijana wa Kimarekani aliyeacha kazi yenye mshahara mnono kwenye masoko ya fedha ya San Francisco mwaka 1996, akahamia Antigua na kuwa mchezeshaji kamari. Machi 1998 alishtakiwa katika mahakama ya New York. Kesi yake ilifungua njia ya shauri kubwa zaidi, ambapo taifa lenye watu wasiofika laki moja liliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani, lenye makao yake Geneva.

Shauri hilo linatuhusu. Kijana wa Mwanza au Kisumu anapoandaa mkeka wake kwenye simu Jumamosi mchana, ni nadra ajiulize kampuni anayoitumia imesajiliwa wapi, mitambo yake iko nchi gani, na akidhulumiwa atakwenda kulalamika kwa nani. Maswali hayo yaliulizwa Geneva zaidi ya miaka 20 iliyopita, na majibu yaliyopatikana yanafaa kukumbukwa kila bunge linapokaa kuandika sheria ya michezo ya kubahatisha.

Kisiwa chatafuta riziki

Antigua na Barbuda ilipata uhuru kutoka Uingereza mwaka 1981. Enzi ya miwa ilikuwa imepita, na riziki ya visiwa hivyo ikategemea watalii. Utalii nao hauna dhamana: Septemba 1995 kimbunga Luis kilipiga visiwa hivyo na kuharibu nyumba na hoteli.

Mwaka mmoja kabla ya kimbunga hicho, serikali ilikuwa imepitisha sheria ya eneo huru la biashara. Chini ya sheria hiyo, kampuni za kamari za simu na intaneti zilianza kupewa leseni. Biashara hii haikuhitaji ardhi kubwa wala bandari, bali nyaya za simu, kompyuta na vijana wanaozungumza Kiingereza. Kwa maelezo ambayo Antigua yenyewe iliyawasilisha Geneva, mwaka 1999 ilikuwa na wachezeshaji 119 wenye leseni, walioajiri watu wapatao 3,000 na kuchangia karibu asilimia 10 ya pato la taifa.

Haki inataka tuseme pia kwamba kisiwa hakikuwa na usafi wa malaika. Aprili 1999, Marekani na Uingereza zilizitahadharisha benki zao kuhusu usimamizi wa fedha huko Antigua, kwa hofu ya utakatishaji wa fedha haramu. Tahadhari hizo ziliondolewa mwaka 2001, baada ya Antigua kukaza sheria zake. Nchi inayotoa leseni kwa biashara ya dunia nzima hulazimika kuthibitisha kwamba inaweza kuisimamia.

Sheria ya enzi za simu za waya

Cohen alishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1961 inayokataza kutumia mawasiliano ya waya kupokea dau kati ya jimbo na jimbo au kati ya Marekani na nchi za nje. Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali ya kaka yake, Rais John F. Kennedy, aliipigania ili kukata mrija wa fedha za magenge ya wahalifu. Wakati huo hakuna aliyewaza habari za intaneti.

Lakini Marekani hiyohiyo haikuwa nchi isiyocheza kamari. Nevada ilikuwa imehalalisha kasino tangu mwaka 1931. Jimbo la New Hampshire lilianzisha bahati nasibu ya serikali mwaka 1964. Kasino ya kwanza ya Atlantic City ilifunguliwa mwaka 1978, na mwaka huohuo bunge la nchi likapitisha sheria ya kubeti mbio za farasi nje ya mipaka ya jimbo zinakofanyika.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Cohen hakubuni mfumo wake kutoka hewani. Aliuiga kutoka shirika la umma la New York lililopokea dau za mbio za farasi kutoka kwa wateja wenye akaunti, hata kwa simu. Jambo lililokuwa huduma ya umma ndani ya New York liligeuka jinai lilipofanywa kutoka Antigua.

Cohen angeweza kubaki kisiwani. Aliamua kurudi nyumbani kujitetea, akidai kwamba dau zilipokelewa Antigua, ambako ni halali. Februari 2000 baraza la mahakama lilimkuta na hatia katika makosa yote manane. Alihukumiwa kifungo cha miezi 21, na rufaa zake zikagonga mwamba. Kifungo alikitumikia katika kambi ya magereza iliyo karibu na Las Vegas, jiji lililojengwa kwa fedha za kamari.

Geneva na uzito wa neno moja

Baada ya hukumu hiyo wachezeshaji walianza kufunga virago. Kufikia 2003, Antigua ilisema, walibaki 28, na ajira zilishuka chini ya 500. Machi mwaka huo kisiwa kilifungua shauri dhidi ya Marekani. Timu yake ya wanasheria iliongozwa na Mark Mendel, wakili kutoka El Paso, Texas.

Hoja ya Antigua ilitoka katika karatasi ambayo Marekani ilijiandikia yenyewe. Mkataba wa biashara ya huduma, ulioanza kutumika mwaka 1995, unaitaka kila nchi iorodheshe huduma ambazo iko tayari kuwafungulia wageni soko. Katika orodha yake, Marekani ilikubali huduma za burudani, isipokuwa za michezo. Mawakili wake wakadai kwamba neno "michezo" lilijumuisha kamari, kwa hiyo soko hilo halikufunguliwa kamwe.

Waamuzi walipekua kamusi, wakasoma miongozo iliyotumika wakati orodha zinaandikwa, kisha wakafuata uainishaji wa huduma wa Umoja wa Mataifa, ambao unaweka kamari upande mmoja na michezo upande mwingine. Uamuzi wa jopo ulitoka Novemba 2004, na Chombo cha Rufaa kikatoa wa kwake Aprili 2005: Marekani ilikuwa imefungua mlango wa kamari, hata kama haikukusudia.

Marekani ilikuwa na ngao ya pili. Mkataba unairuhusu nchi kuzuia biashara ikiwa ni lazima kufanya hivyo ili kulinda maadili ya umma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kipengele hicho kupimwa katika shirika hilo. Marekani ilieleza hatari za kamari ya intaneti: watoto kuingia bila kuonekana, watu kunaswa na uraibu nyumbani kwao, wahalifu kusafisha fedha. Hatari hizo ni za kweli, na waamuzi wa rufaa walikubali kwamba sheria za Marekani ziliangukia katika kinga hiyo.

Lakini waliuliza swali moja zaidi: je, katazo hili linambana kila mtu? Wakaitazama ile sheria ya farasi ya mwaka 1978, ambayo ilionekana kuziruhusu kampuni za nyumbani kupokea dau kwa njia zilezile zilizokatazwa kwa wageni. Marekani ikashindwa kuthibitisha kwamba mizani yake ilikuwa sawa. Waswahili wangesema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ushindi usiolipika

Marekani haikurekebisha sheria ya farasi. Badala yake, Oktoba 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyozikataza kampuni za kamari haramu ya intaneti kupokea malipo, na kuzitaka benki zizuie malipo hayo. Mbio za farasi zikaachwa nje tena. Bunge lilipopitisha sheria hiyo, hisa za kampuni ya kamari ya intaneti ya PartyGaming kwenye soko la London zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja.

Machi 2007 jopo la Geneva lilithibitisha kwamba Marekani haijatii. Miezi miwili baadaye Marekani ilitangaza kuifuta ile ahadi kwenye orodha yake. Jumuiya ya Ulaya, Japani na Kanada zilifidiwa kwa kufunguliwa masoko mengine, kama ya maghala na utafiti. Antigua haikupata kitu.

Kisiwa kilidai fidia ya dola bilioni 3.4 kwa mwaka. Marekani ilisema stahili yake ni dola 500,000. Desemba 2007 wasuluhishi walikadiria hasara ya soko la kubeti farasi pekee na kutoa dola milioni 21 kwa mwaka. Hata hizo Marekani haikuamriwa kuzilipa taslimu. Antigua iliruhusiwa kujifidia yenyewe. Kwa kawaida nchi hujifidia kwa kupandisha ushuru wa bidhaa za mkosaji. Antigua ikipandisha ushuru wa bidhaa za Marekani, anayeumia ni mama wa mji mkuu, St. John's, anayenunua chakula dukani. Ikapewa njia nyingine, ya kutolinda hakimiliki na hataza za Marekani hadi kufikia kiasi hicho. Kibali rasmi kilitoka Januari 2013, lakini kimeendelea kubaki katika makaratasi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Antigua ilipewa haki, ikakosa mkono wa kuikamata.

Marekani yenyewe ikabadilika. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa ikiyazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo. Leo zaidi ya majimbo 30 yameruhusu, na Wamarekani wanabeti kwa simu mpira uleule ambao dau zake zilimpeleka Cohen gerezani.

Somo kwa nyumbani

Hadi leo dunia haina mkataba mmoja wa kusimamia kamari. Kuna viraka. Viwango vya kimataifa dhidi ya utakatishaji fedha vinazitaka kasino zimtambue mteja anapofanya miamala ya dola 3,000 au zaidi. Baraza la Ulaya lina mkataba wa mwaka 2014 dhidi ya upangaji wa matokeo ya mechi. Zaidi ya hapo, kila nchi na leseni yake, iwe Malta, Curaçao au Kisiwa cha Man.

Kenya ilitunga sheria yake ya kamari mwaka 1966, na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2003, zote kabla simu haijawa pochi. Julai 2019 serikali ya Kenya ilipozigomea leseni za kampuni 27, iliziagiza kampuni za simu zifunge namba zao za malipo. Mbinu ni ileile ya Marekani ya mwaka 2006: ukitaka kumzuia mchezeshaji, zuia njia ya fedha.

Mbinu hiyo ina nguvu, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka itumike. Nimewaona vijana wakikaa kijiweni na nauli ya kesho ikiwa imeshaingia kwenye mkeka. Lakini nguvu bila mizani haimlindi kijana huyo. Tukimfungia mgeni na kumwachia mwenyeji, au tukikataza matangazo ya kampuni huku bahati nasibu ya serikali ikiimbwa redioni, tutakuwa tumelinda mapato na kuyaita maadili.

Waamuzi wa Geneva hawakuikataza nchi yoyote kupiga kamari marufuku. Waliitaka nchi inayosema inawalinda watu wake ianze kwa kuwabana wachezeshaji wake yenyewe. Antigua haikulipwa, lakini hitaji hilo ililiweka katika kumbukumbu za sheria za dunia. Wabunge wetu wanaweza kulichukua bure, kabla ya kuandika kifungu cha kwanza.