Waliotoa Umeme na Waliotoa Damu: Historia ya Kompyuta za Kujitolea Dhidi ya Malaria

Ipo aina ya ukarimu iliyozaliwa na zama za kompyuta ambayo sisi tunaoandika kuhusu jamii za Afrika Mashariki hatujaipa nafasi inayostahili. Mtu ana kompyuta nyumbani, au seva ndogo aliyoiweka pembeni mwa sebule ili kuhifadhi picha na nyaraka zake. Kwa saa nyingi mashine hiyo imewashwa lakini haina kazi. Mwenyewe anaweka programu maalumu, anairuhusu itumie nguvu hiyo iliyolala, na tangu hapo mashine yake inapokea vipande vya hesabu kutoka chuo kikuu ambacho hajawahi kukiona, inavikokotoa na kuvirudisha. Hamtumii mtu fedha. Analipa bili ya umeme, na jina lake linaingia katika orodha ya wachangiaji.

Katika makala hii nataka kusimulia historia ya ukarimu huo kwa upande wa tiba, na hasa sura yake moja iliyotugusa moja kwa moja, yaani malaria. Hoja yangu ni kwamba kazi ile ilikuwa na makundi mawili ya wachangiaji, na kumbukumbu zake zimelihesabu kundi moja tu.

Tuanze na chimbuko. Mwezi Mei 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilizindua SETI@home, mradi uliowaomba watu wa kawaida wasaidie kuchambua mawimbi ya redio yaliyonaswa kutoka angani, kutafuta dalili za viumbe wenye akili kwingineko. Viumbe hao hawakupatikana, lakini kilipatikana kitu kingine: uthibitisho kwamba mamilioni ya watu wasiofahamiana wako tayari kuchangia mashine zao kwa kazi isiyowalipa. Watafiti wa tiba hawakukawia kuliona hilo. Mwaka 2000 ulianza FightAIDS@Home, uliotafuta molekuli zinazoweza kukizuia kirusi cha UKIMWI. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha Folding@home. Mwaka 2004 kampuni ya IBM ikafungua World Community Grid, jukwaa lililobeba miradi mingi ya afya kwa pamoja.

Kwa nini tiba ihitaji msaada wa namna hiyo? Chukua mfano wa protini. Protini ni mnyororo mrefu unaojikunja hadi kupata umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi yake mwilini. Kuufuata mkunjo huo kwa hesabu, chembe kwa chembe, kungeichukua kompyuta moja miaka mingi. Lakini kazi hiyo inagawanyika. Seva kuu huikata vipande, humpa kila mchangiaji kipande chake, kisha huyaunganisha majibu. Katika miradi mingi kipande kimoja hutumwa kwa watu wawili au zaidi, na majibu yao yakilingana ndipo huaminiwa.

Kilele cha jitihada hizi kilikuja na janga la UVIKO-19. Mnamo Machi 2020 wachangiaji wapya walimiminika Folding@home kwa mamia ya maelfu, na mtandao huo wa kompyuta za majumbani ukavuka kiwango cha hesabu milioni moja ya trilioni kwa sekunde, kiwango ambacho hakuna kompyuta kuu hata moja duniani iliyokuwa imekifikia wakati huo. Nguvu hiyo yote ilitumika kuigiza mwendo wa protini za kirusi, na ukijumlisha maigizo yote yaliyochapishwa mwaka 2021 unapata sehemu ya kumi ya sekunde moja. Ndiyo maana wanasayansi waliomba msaada wa dunia nzima.

Huku kwetu, hata hivyo, sura muhimu zaidi ni ile iliyofunguliwa mwaka 2006. Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, yenye makao yake Basel, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuanzisha mradi ulioitwa malariacontrol.net. Mradi huo ulikuwa chini ya mwavuli ulioitwa Africa@home. Badala ya protini, kompyuta za wachangiaji ziliigiza jamii za watu. Kila mtu wa kubuni ndani ya programu alikuwa na umri wake, maambukizi yake na kinga aliyojijengea. Kwa kila hatua ya siku tano programu ilihesabu nani ameumwa na mbu, nani ameugua na nani amepata nafuu. Kisha likaulizwa swali la sera: itakuwaje tukigawa vyandarua kwa wote? Itakuwaje tukiwachanja watoto wachanga peke yao?

Modeli ya aina hiyo haina thamani mpaka ilinganishwe na hali halisi, na kulinganisha huko ndiko kulikodai hesabu nyingi, kwa maana kila kigezo kilijaribiwa na kurekebishwa mara maelfu. Katika majaribio ya mwanzo, yaliyochukua miezi michache, wachangiaji 500 walikamilisha kazi ambayo ingeichukua kompyuta moja takriban miaka 150. Haba na haba hujaza kibaba; hapa kibaba kilijaa kweli.

Hali halisi hiyo ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Garki, kaskazini mwa Nigeria, ambako Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mkubwa katika miaka ya 1970. Sehemu nyingine ilitoka katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mwanasayansi wa Kiswisi Rudolf Geigy alikuwa ameanzisha maabara mjini Ifakara katika miaka ya 1950, na maabara hiyo ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipiga kambi katika kijiji cha Namawala. Walitundika mitego ya taa ndani ya nyumba, kando ya vitanda vyenye vyandarua, wakawahesabu mbu usiku baada ya usiku, na kuchukua damu ya wanakijiji ili kutafuta vimelea. Walikadiria kwamba mkazi wa Namawala angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mpangilio wa misimu ya maambukizi ya kijiji hicho ukawa mojawapo ya misingi ya modeli iliyokokotolewa majumbani mwa watu wa mbali.

Litafakari jina la ule mwavuli. Africa@home, maana yake Afrika nyumbani. Lakini nyumba zenyewe kwa sehemu kubwa zilikuwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Isingeweza kuwa vinginevyo. Mwaka 2006 ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa yetu, na Tanzania iliingia katika mgao mkali wa umeme, mgao ambao masuala yake yalikuja kumng'oa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008. Mkongo wa kwanza wa mawasiliano kupitia chini ya bahari katika pwani yetu, SEACOM, ulizinduliwa Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitufikia kwa setilaiti, kwa bei ya juu na kwa mwendo wa kinyonga. Kuiacha kompyuta iwake usiku kucha kwa ajili ya sayansi kulimtaka mtu awe na kompyuta, umeme usiokatika na intaneti ya bei nafuu. Kwetu ukarimu wa namna hiyo ulikuwa na kiingilio, na wengi hawakuwa na cha kulipia.

Sisemi haya ili kuwadharau waliochangia. Kazi yao ilizaa matunda. Mwaka 2012 watafiti walichapisha tathmini ya chanjo ya malaria kwa kutumia modeli 14 tofauti kwa pamoja, na hesabu zake zilipitia kompyuta za wachangiaji hao. Mwaka 2016, mwaka ambao malariacontrol.net ulifungwa, modeli ya Basel ilikuwa miongoni mwa nne zilizolinganishwa ili kukadiria manufaa ya chanjo ya RTS,S, ambayo ilikuwa imefanyiwa majaribio katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Tanzania, kule Bagamoyo na Korogwe, na Kenya, kule Kilifi, Kombewa na Siaya. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa matumizi mapana. Kompyuta za majumbani hazikuitengeneza chanjo. Zilisaidia kujibu swali la kwamba ingeokoa watoto wangapi, na wapi. Kwa wizara yenye bajeti finyu, swali hilo si dogo.

Lakini tazama namna shukrani zilivyogawanywa. Kila mchangiaji wa kompyuta alipewa alama kulingana na hesabu alizokamilisha. Alama zilijumlishwa, orodha zikapangwa, vikundi vikashindana kitaifa na kimataifa. Yeyote aliweza kufungua ukurasa na kuona nani ametoa kiasi gani. Mama wa Namawala aliyempeleka mwanawe atobolewe kidole, na mzee aliyekubali mtego wa taa uwake ndani ya nyumba yake, hawakuwa na orodha. Wao walikuwa ndani ya modeli, si miongoni mwa wachangiaji wake. Mmoja alitoa umeme akaitwa mfadhili wa sayansi. Mwingine alitoa damu akaitwa sampuli.

Watajibu wengine kwamba faragha ya mgonjwa hairuhusu majina kutangazwa, na hilo ni kweli. Hata hivyo kijiji si mgonjwa. Ipo tofauti kubwa kati ya kulificha jina la mtoto na kusahau kwamba jamii nzima ilichangia. Katika msaragambo, kama Wapare wanavyouita, anayelima na anayepika wote huhesabiwa kuwa wamefika. Hatumwiti mwenye jembe mchangiaji na mwenye sufuria mazingira.

Yapo mambo mawili ambayo wasomaji wangu walioko vyuoni na serikalini wanaweza kuyatenda. La kwanza ni kushiriki. Leo umeme na intaneti vimeenea kuliko mwaka 2006, na maabara za kompyuta za vyuo vyetu hukaa kimya usiku. Lakini tushiriki kwa macho yaliyo wazi: kompyuta inayokokotoa kwa nguvu zote hula umeme zaidi ya ile iliyopumzika, huchemka, na huchakaa mapema. Anayeamua kuitoa seva yake ajue kuwa anatoa fedha kwa sura nyingine, na mkuu wa maabara aidhinishe kwanza. Uzuri wa kujitolea huku ni kwamba mtu huacha siku anayotaka. Katika historia yetu wenyewe, kuanzia kazi za lazima za mkoloni hadi baadhi ya "kujitolea" kwa vijijini baada ya uhuru, mara nyingi fursa hiyo haikuwapo.

La pili ni zito zaidi, nalo ni kudai masharti. Matokeo yanayopatikana kwa nguvu za umma yabaki mali ya umma. Mfano upo: mradi wa COVID Moonshot, uliotumia hesabu za Folding@home katika kutafuta dawa, uliweka matokeo yake wazi bila hataza. Programu ya modeli ya malaria nayo, OpenMalaria, iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuitumia. Basi wanafunzi wetu wa hisabati na takwimu waifungue, waweke ndani yake wilaya zao, na waulize maswali ambayo Basel haikuwa na sababu ya kuyauliza. Na pale makala ya kitaaluma inapowashukuru maelfu ya wachangiaji wa kompyuta, mhariri aulize: Namawala mmeishukuru mstari wa ngapi?