Njia za kuomba chuo kikuu, kutoka Musoma hadi awamu za TCU

Kuwahi kuomba chuo kikuu nchini Tanzania hakukuwa na maana ileile nyakati zote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifunga njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana wa Mombo, mji wa njia panda ya Lushoto, alitakiwa kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, kisha apendekezwe na mwajiri na tawi la TANU, chama tawala cha wakati huo. Alama nzuri peke yake hazikutosha, na wengi walichelewa kusoma. Masharti hayo yalilegezwa baadaye.

Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilileta mfumo wa pamoja: ombi moja la mtandaoni lenye vyuo kadhaa. Mwaka 2017 waombaji walirudishwa kwenye vyuo vyenyewe, kwa awamu. Anayewahi awamu ya kwanza hukuta nafasi nyingi zaidi. Anayechaguliwa na vyuo viwili au zaidi huthibitisha kimoja tu kwa namba ya siri. Asiyethibitisha kwa wakati huhatarisha nafasi yake.