Neno la Mahali katika CSS

Håkon Wium Lie alipotoa shauri la CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa za intaneti, ilikuwa Oktoba 1994. Toleo la kwanza lilithibitishwa Desemba 1996; kanuni za kuweka vitu mahali pake zilikuja na la pili, Mei 1998. Katika maneno yake, lenye kumpotosha anayeanza ni “absolute”. Kwa asili lamaanisha kisichotegemea kingine. Kumbe kitu hicho hupimwa toka kisanduku cha karibu kikizungukacho, nacho kiwe kimewekewa kanuni ya mahali. Kisipopatikana, hupimwa toka ukurasa wenyewe. Ndipo kitufe huruka hadi pembeni, na mwanafunzi hudhani kosa ni lake.

Kulitafsiri neno hilo “kamili” ni kuuhamisha mtego tu. Mwanafunzi wa Mlali, chini ya Milima ya Uluguru, ajua ya kuwa “chini” si neno timamu mpaka mlima utajwe. Kadhalika Kiswahili kina -po, -ko na -mo. Mwalimu akisema, “Kitufe kimo,” hapana budi aulizwe: kimo katika nini? Swali hilo ndilo kanuni yenyewe.