Ushahidi Mikononi mwa Mtuhumiwa: Uwajibikaji wa Polisi nchini Kenya

Hoja ya makala haya ni kwamba polisi wa Kenya hawakosi sheria ya kuwawajibisha. Kinachokosekana ni ulinzi wa ushahidi katika saa za kwanza baada ya raia kuuawa au kujeruhiwa, kwa kuwa saa hizo ushahidi huwa mikononi mwa wanaotuhumiwa.

Sheria zenyewe zilizaliwa na msiba. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Katiba ya 2010 ilikuja na jibu. Kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali uongozi huru wa polisi. Waziri anaweza kumpa maelekezo ya sera tu, tena kwa maandishi. Hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au kumchukulia mtu fulani hatua za kisheria. Mwaka 2011 Bunge liliunda IPOA, mamlaka ya kiraia yenye uwezo wa kuchunguza vifo na majeraha mabaya yanayohusishwa na polisi, kisha kumpendekezea Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hatua za kuchukua. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi nayo inaagiza kwamba bunduki itumike pale tu njia nyepesi zinaposhindwa, na kwamba kila kifo kitokanacho na matumizi ya nguvu kiripotiwe kwa IPOA.

Tatizo ni kwamba mchunguzi wa IPOA hufika kituoni akiwa mgeni. Kitabu cha matukio kinaandikwa na polisi. Daftari la silaha linatunzwa na polisi. Kamera na funguo za seli ni zao, na mara nyingi ndio wanaopeleka maiti mochari. Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema aligonga kichwa chake ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha yasiyoafikiana na maelezo hayo, na IPOA ikaliarifu Seneti kwamba kamera za kituo zilikuwa zimevurugwa. Maafisa walishtakiwa kwa mauaji, na hatia yao ni ya mahakama kuamua. Hata hivyo, ikiwa kumbukumbu ya kamera inaweza kuguswa kabla mchunguzi hajafika, mamlaka yake ya kisheria yanamfaa nini?

Mashahidi nao wako hatarini vivyo hivyo. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, baada ya mteja huyo kumlalamikia afisa aliyempiga risasi. Maafisa watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia Julai 2022. Haki ilitendeka, lakini baada ya miaka sita.

Wapo wanaosema kwamba usimamizi mkali huwavunja moyo maafisa wanaokabili majambazi wenye silaha usiku na mchana. Hatari hiyo ni ya kweli, na maafisa wanastahili makazi bora na vifaa. Lakini ushahidi uliohifadhiwa vizuri ndio ngao ya afisa aliyefyatua risasi kihalali. Usipokuwepo, yeye na muuaji hutazamwa kwa jicho moja.

Kwa hiyo Bunge lina kazi tatu. Kwanza, litenge fedha ili Sheria ya Huduma ya Uchunguzi wa Vifo ya 2017 itekelezwe kikamilifu, sababu ya kifo ithibitishwe na wataalamu wasio chini ya polisi. Pili, liagize kumbukumbu za kamera za vituo zihifadhiwe nje ya vituo hivyo, na mkuu wa kituo awajibike binafsi zikipotea. Tatu, liimarishe ulinzi wa mashahidi tangu siku malalamiko yanapopokelewa. Bila hatua hizi, Kifungu cha 245 kitaendelea kusomwa darasani huku familia zikizika watoto wao bila majibu.